Namba 9 Ameandikwa Wapi?

Jumamosi moja jioni, kwenye uwanja wa zege huko Temeke, Dar es Salaam, mchezo wa kikapu wa wasichana ulipoisha nilibaki karibu na meza. Meza yenyewe ilikuwa dawati la shule lililobebwa kutoka darasani, mguu mmoja umetiwa kipande cha tofali. Binti aliyekuwa akiandika pointi alikuwa bado ameinamia karatasi, kalamu mbili mkononi, moja nyekundu na moja ya bluu. Akaja mchezaji wa namba 9, jasho linamchuruzika, akamchungulia begani.

"Shoga, mimi nimeandikwa wapi?"

Mwandishi akateremsha kidole kwenye orodha ya majina. "Hapa. Faulo tatu."

"Na kingine?"

"Hujafunga hata moja, ungeandikwa kingine kipi?"

Wakacheka wote wawili, namba 9 akaenda zake kutafuta maji. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu nusu ya mchezo ule nilikuwa nikimtazama yeye peke yake. Upande wa pili kulikuwa na binti mrefu, mfungaji, ambaye kila akipata mpira mkono wa kulia watu walianza kupiga kelele kabla hajarusha. Namba 9 alimnyima mkono huo. Hakumsukuma wala kumrukia. Alikuwa anatangulia tu: yule mrefu akigeuka, anakuta pale alipotaka kukanyaga pameshakanyagwa. Kufika robo ya tatu mfungaji alikuwa anaurudisha mpira nyuma bila hata kujaribu, na timu yake ikaanza kutafuta njia nyingine ambazo haikuzizoea. Hilo ndilo lililoamua mchezo. Na kwenye karatasi halimo.

Niliomba kuipiga picha karatasi ile. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma kama msomaji wa mashairi anavyosoma utungo. Namwachia mwingine habari za nani kashinda. Mimi nataka kujua umbo lake linaruhusu nini kusemwa na linaziba nini.

Umbo hilo ni la FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na ni moja dunia nzima. Mashindano makubwa siku hizi yanaijaza karatasi kwenye kompyuta, lakini mantiki ni ile ile ya dawati letu lenye tofali. Kushoto pana majina ya wachezaji 12 wa kila timu. Mbele ya jina kuna namba ya jezi, kisha nafasi ya alama ya x, inayowekwa mchezaji akiingia uwanjani. Walioanza mchezo, x yao huzungushiwa duara. Baada ya hapo visanduku vitano vya faulo. Kulia ndiko uliko mwili wa matini: safu ndefu za namba, 1 hadi 160, kila timu na yake. Mpira ukiingia, mwandishi anapiga mstari wa mshazari juu ya jumla mpya na kando yake anaandika namba ya mfungaji. Mtupo huru ukiingia, anaweka nukta nene. Ukiwa mtupo wa pointi tatu, namba ya mfungaji inatiwa ndani ya duara. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa wino mwekundu, ya pili na ya nne kwa bluu au mweusi.

Aliyebuni utaratibu huu alijua kubana maneno. Macho yakishazoea, unaacha kusoma namba zilizokatwa na kuanza kusoma zilizorukwa. Kutoka 14 hadi 16 imerukwa moja: kikapu cha kawaida. Kutoka 16 hadi 19 zimerukwa mbili: kuna mtu aliachiwa nafasi mbali. Kisha 20 na 21 kwa nukta mbili zinazofuatana: kuna aliyeangushwa akipanda. Rangi ya wino inapobadilika unajua watu wamekunywa maji na kocha amesema neno. Kwa karatasi moja, huo ni ufundi. Nimesoma ripoti za michezo zenye aya saba ambazo hazikuniambia nusu ya hayo.

Kasoro yake ya kwanza iko kwenye safu zenyewe. Katika shairi la mishororo minne, ukwapi na utao, nusu mbili za mshororo, husimama bega kwa bega, na kimoja kinamwitikia mwenzake. Safu ya timu A na ya timu B nazo zimesimama bega kwa bega, ila hazisikilizani. Kila moja inahesabu ya kwake. A inapofikisha 30, karatasi haikuambii B wakati huo ilikuwa na ngapi. Mwisho wa robo tu ndipo namba ya mwisho ya kila upande inapozungushiwa duara nene na kupigwa mstari chini yake, na hapo unapata picha ya pamoja. Katikati ya robo mbili ni kiza. Malumbano yote yamo, lakini mpangilio wa nani alimjibu nani umepotea.

Chukua mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu wa AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, ya wanawake ya 2025, Abidjan. Sudan Kusini, wakishiriki kwa mara ya kwanza, waliifunga Senegali 66 kwa 65. Pointi moja! Dhidi ya nchi ambayo ilikuwa imeshacheza fainali za 2017, 2019 na 2023. Lakini mtu ambaye hakuutazama mchezo ule, hata ukimpa karatasi yake iliyoandikwa kwa unadhifu kiasi gani, hawezi kukwambia nani alikuwa mbele zikiwa zimebaki sekunde 40. Saa ya mchezo iliyomo ni hasa dakika ambayo kocha aliomba mapumziko. Kwa hiyo ukitaka kujua timu ilibanwa wapi, achana na safu za pointi. Tazama kocha wao alipaniki lini.

Kasoro ya pili ndiyo ya namba 9, na ndiyo inayoniuma. Wachezaji 12, mara visanduku vitano, mara timu mbili: ni visanduku 120. Hapo ndipo mlinzi anapokaa, na vyote ni vya makosa. P, faulo ya kawaida. P2, faulo iliyozaa mitupo huru miwili. U, T, D, kila herufi na uzito wake, mpaka ile ya kumtoa mtu nje kabisa. Mshambuliaji ameandikiwa mafanikio yake. Akikosa, karatasi inamsitiri, kwani mtupo uliogonga chuma haurekodiwi. Kwa mlinzi ni kinyume. Akifaulu hakuna wino, akiteleza kuna wino.

Najua atatokea mwamuzi wa siku nyingi anikatize: hiyo karatasi ni hati, si wasifu, kazi yake ni kumaliza ubishi, isainiwe, iondoke. Ni kweli. Ila karatasi haiondoki. Utaratibu unataka ya asili, nyeupe, na nakala tatu za rangi. Ya waridi kwa mshindi na ya mwisho, ya njano, kwa aliyeshindwa, yaani kama ni kwa kaboni, anayeshindwa anapata pia maandishi yaliyofifia kuliko yote. Karatasi ndiyo inayopigwa picha na kurushwa kwenye kundi la timu. Mwandishi wa habari anaandika kutokana nayo kwamba fulani kafunga 21. Anayechagua timu ya mkoa na hakuja uwanjani anaitegemea hiyo hiyo. Na binti wa miaka 16 anajifunza kutoka kwayo ni jambo gani duniani linahesabika.

Wengi wa mabinti hawa walianzia kwenye netiboli shuleni, na hapo ndipo ninapoona walichonyang'anywa. Netiboli humvika mlinzi herufi zake kifuani: GD, GK, WD. Kabla mpira haujarushwa, kila mtu aliyezunguka uwanja anajua yule kazi yake ni kuzuia. Kazi imetangazwa. Binti huyo huyo akivuka kuja kwenye kikapu anavua herufi na kuvaa namba, na namba ni tupu, inasubiri kujazwa kwa pointi. Asipofunga inabaki tupu. Sishangai wakifika kwetu wote wanataka kurusha kutoka katikati ya uwanja.

Sasa tuisome Nigeria kwa jicho hilo. D'Tigress, timu yao ya taifa ya wanawake, wamechukua ubingwa wa Afrika mara tano mfululizo, na matokeo ya fainali hizo yakipangwa juu chini yanakuwa kama ubeti wa mishororo mitano: 65–48 dhidi ya Senegali, Bamako 2017, 60–55 dhidi ya Senegali tena, tena nyumbani kwao Dakar, 2019, 70–59 dhidi ya Mali, Yaoundé 2021, 84–74 dhidi ya Senegali, Kigali 2023, 78–64 dhidi ya Mali, Abidjan 2025. Magazeti husoma upande wa kushoto wa kistari. Mimi nasoma wa kulia: 48, 55, 59, 74, 64. Jumla 300, wastani 60 kamili. Pointi moja na nusu kwa dakika, fainali ya bara zima, mpinzani akiwa bora kuliko wote waliobaki.

Mshororo wa nne unanipinga, nakiri. Senegali walifikisha 74 Kigali, na usiku ule Nigeria walishinda kwa kufunga zaidi kuliko kwa kuzuia. Na ukijumlisha pande zote mbili unaona mchezo wenyewe umeongeza kasi: pointi 113 mwaka 2017, 158 mwaka 2023, 142 mwaka 2025. Hata hivyo makocha wamepita watatu, Sam Vincent, kisha Otis Hughley, kisha Rena Wakama, na upande wa kulia wa kistari umeendelea kuwa mwembamba. Wakama, mwanamke wa kwanza kutwaa kombe hilo akiwa kocha mkuu, aliipeleka timu Olimpiki ya Paris mwaka 2024, na mchezo wa kwanza tu wakaifunga Australia 75–62. Australia hao hao waliondoka na medali ya shaba. Walioutazama wanakumbuka mikono: Waaustralia wanapasi, mkono unapita; wanageuka, mkono umeshafika. Nigeria wakaingia robo fainali, jambo ambalo hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya wanawake wala ya wanaume, iliyokuwa imewahi kulifanya kwenye Olimpiki.

Jedwali la takwimu la mashindano makubwa, lile unalolifungua kwenye simu ukiwa kwenye daladala la Mbagala, limejaribu kurekebisha. Lina safu za ribaundi, mipira iliyoporwa, bloku, na ile ya jumlisha na toa inayoonyesha timu ilipanda au ilishuka kwa pointi ngapi mchezaji akiwa uwanjani. Mitupo iliyokosa nayo inahesabiwa, kwa hiyo mfungaji hasitiriwi tena. Ni hatua. Lakini angalia bado linapenda nini: mpira ulioguswa. Kupora ni kugusa, bloku ni kugusa. Namba 9 hakugusa mpira. Alifika mapema. Safu ya jumlisha na toa ingemwona kidogo, kwa mbali, amechanganywa na wenzake wanne kama chumvi kwenye mchuzi. Na meza ya Temeke haina kompyuta. Ina kalamu mbili, moja ya kuazima.

Kwetu Kanda ya Tano ya FIBA Afrika, ambako tumepangwa pamoja na Misri, majirani wameshafika AfroBasket. Kenya walicheza Dakar na Yaoundé. Mwaka 2023 Rwanda waliwatoa Uganda robo fainali pale BK Arena, Kigali, na kumaliza wa nne, na Jane Asinde wa Uganda akaingia kwenye kikosi bora cha watano. Tanzania haikuwamo katika mashindano yoyote kati ya hayo matano. Sitasema karatasi ndiyo iliyotuweka nje, huo utakuwa uhakiki wa kulewa. Uwanja wa Ndani wa Taifa upo Temeke hapo hapo, lakini wengi wa mabinti hawa mvua ikinyesha wanarudi nyumbani. Nasema tu kwamba mabingwa wamejenga ubingwa wao juu ya kazi ambayo meza zetu hazina pa kuiandika, na kocha anayetaka kuwalea akina namba 9 itabidi awe na daftari lake pembeni, la mistari ya kawaida, anaandika kwa maneno: leo yule mrefu amerudisha mpira nyuma mara sita.

Jioni ile, kabla giza halijaingia, nilimtazama mwandishi akifunga karatasi. Kanuni inataka isibaki nafasi ya mtu kuchomekea kitu baadaye. Akapiga mistari miwili minene chini ya jumla za mwisho, kisha mshazari mrefu hadi chini kuzifuta namba zisizofikiwa. Akahamia kushoto, kwenye visanduku vya faulo vilivyosalia. Mstari wa namba 9 ulikuwa na P, P2, P, na visanduku viwili vitupu. Mara mbili ambazo angeweza kumshika yule mrefu na hakumshika. Hapo pekee ndipo palipokuwa na habari yake. Binti akaweka rula, akavuta wino juu ya vyote viwili, akampelekea mwamuzi asaini.