PEP: Beji kwa Watu Wanaofanya Kazi kwa Mikono

Wenzangu wa bustani, wa karakana na wa jikoni, acheni kwanza mnachofanya! Nimekutana na mpango wa kujifunza ambao umenitoa kitandani alfajiri kwenda kutafuta kisu na kigogo. Unaitwa PEP, umetoka Marekani, na kwa maoni yangu watu wanaojifundisha wenyewe hawajapata kitu kitamu namna hii tangu skauti walipoanza kushona beji kwenye mashati yao.

Mwasisi wake ni Paul Wheaton, mwandishi na mpenzi mkubwa wa permakacha, yaani kilimo na makazi yanayofuata mwenendo wa maumbile. Ana ardhi yake ya majaribio karibu na mji wa Missoula, jimboni Montana, nchi ya milima, misonobari na baridi kali. Mwaka 2021 yeye na Mike Haasl walitoa kitabu kizima kuhusu mpango huu, kiitwacho SKIP. Wazo lenyewe halina mafumbo: fanya kazi halisi ya nyumbani au shambani, ipige picha, wenye uzoefu waithibitishe, upewe beji.

Basi! Hakuna mtihani wa kuandika. Hakuna muhula unaoanza Januari. Hakuna anayekuuliza uliishia darasa la ngapi.

Na uwanja ni mpana, jamani. Kuna fani 22! Bustani, ujenzi wa udongo na vitu vya asili, utunzaji wa msitu, useremala wa magogo, useremala wa mbao zilizopasuliwa, majiko ya roketi, upishi na uhifadhi wa chakula, mifugo, vyakula vya porini, nguo na ususi, uhunzi, mabomba, umeme, dawa za mitishamba, biashara, kutunza zana, kuchimba na kusawazisha ardhi, hata namna ya kuishi vizuri na wenzako. Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza niliona nyumba nzima ya bibi mzaa mama, kuanzia kuni za uani hadi mtungi wa maji, imeandikwa kama mtaala. Kazi ambazo kwa miaka mingi tumeziita "kazi za nyumbani tu" zimepewa jina, kipimo na heshima.

Kila fani ina ngazi 4, zenye majina ninayoyapenda sana: mchanga, nyasi, mbao na chuma. Beji ya mchanga imekadiriwa saa 5 hivi za kazi, kwa hiyo Jumamosi moja inatosha kuonja. Ya nyasi inafika kama saa 40. Ya mbao inavuka 200, na ya chuma ni ya mabingwa. Kisha kila beji imekatwakatwa kuwa kazi ndogondogo, na huo ndio ujanja unaonisisimua kuliko yote, kwa sababu huanzi na mlima mbele yako. Unaanza na kiraka cha suruali, au kisu butu, na kiraka kikishashonwa kimeshahesabiwa.

Mimi nilianzia kwenye magogo, kwenye kazi ya kuchonga kijiko. Masharti yanapendeza kwa ukali wake: mti mbichi, zana za mkono tu, na picha za kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Nilichukua tawi la mpera lililokatwa karibuni, nikalipasua katikati kwa shoka, nikachora umbo la kijiko kwa mkaa, nikaanza kupunguza kwa panga dogo. Mtu aliyezoea mpini wa jembe wa mpera mkavu, ule unaokataa hata msumari, hawezi kuamini mti huohuo unavyokatika kwa ulaini ukiwa mbichi! Maranda yanajikunja, yana rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, na mikono inabaki na unyevu wa mti.

Utamu wote uko kwenye shingo, pale kijiko kinapokutana na mpini. Ukisukuma kisu upande mmoja moja kwa moja, kinafika mahali kinazama kwenye nyuzi za mti na kutaka kuupasua. Dawa yake ni kuchonga kutoka pande zote mbili, kila upande ukishuka kuelekea sehemu nyembamba, na kusimama hapohapo. Maelezo haya nimeyaandika kwa sentensi mbili, lakini mkono hauelewi sentensi. Unaelewa pale kisu kinapokwama, ukageuza kijiti, na ghafla makali yakateleza bila kelele. Sehemu ya kuchotea niliikwangua kwa patasi ya mviringo, kijiko kikakaa kivulini hadi kikauke taratibu, kisha nikakipaka mafuta ya nazi. Kinakoroga uji vizuri kabisa!

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini PEP inadai picha na si majibu. Mtu anaweza kukariri kitabu kizima kuhusu uchongaji na bado asiweze kutoa kijiko kwenye tawi. Picha ya kijiko inasema jambo moja tu, na inalisema kikamilifu: huyu ameweza.

Beji zenyewe si ngeni kwetu. Boy Scouts wa Marekani walitoa kitabu chao cha mwaka 1911 chenye beji 57, na ukiitazama orodha ile ya kale utacheka kwa furaha: ufugaji nyuki, kuku, ng'ombe wa maziwa, uhunzi, uashi, useremala, mabomba, bustani. Mwasisi wa skauti duniani, Baden-Powell, alimalizia maisha yake Kenya na kuzikwa Nyeri mwaka 1941. Vilabu vya 4-K vilianzishwa Kenya mwaka 1962, vikichukua mfano wa 4-H ya Marekani, na watoto wamelima na kufuga humo. Tanzania, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea na kutaka kila shule iwe na shamba au karakana yake, ili anayesoma asitengane na anayelima.

Lakini angalia: karibu vyote hivyo vilimlenga mtoto au mwanafunzi. Ukishavua sare, nani anakuhesabia? Mama aliyejifunza kukausha maembe akiwa na miaka 50, kijana wa bodaboda anayejisomea umeme wa sola usiku, mstaafu aliyeamua kufuga nyuki, hao wote wanajifunza kila siku na hakuna karatasi inayosema hivyo. PEP inawaambia: njooni, kazi yenu inahesabika. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa mno.

Na kuna kubwa zaidi. Wheaton anawazungumzia wazee wenye ardhi waliotumia maisha yao kuitunza, ambao hawana mtoto anayetaka kuishi shambani, na wanaogopa wakifa itauzwa na kukatwa viwanja. Upande wa pili wamo vijana wenye bidii wasioweza kununua hata robo ekari. Kitabu cha SKIP kinataka kuwakutanisha. Kijana anafanya kazi, beji zake zinajipanga kuwa cheti, mzee anatazama picha moja baada ya nyingine za kazi halisi, na akiridhika anamwachia ardhi. Ndiyo, anamwachia! Mtu wa kutoka mbali, kwa sababu tu mikono yake imethibitisha kwamba ataipenda.

Kwetu mirathi ina sheria zake, mila zake na dini zake, na ardhi nyingi hufuata ukoo, kwa hiyo sehemu hii haiwezi kuhamishwa ilivyo. Ila lipo swali ambalo babu wengi wa Rungwe, Meru na Kakamega wanalo kimoyomoyo: katika wajukuu hawa wote walioko mjini, nani atajua la kufanya na shamba hili? Mjukuu anayefika likizo na rekodi ya kazi zake, ameshapanda, ameshapogoa, ameshajenga ukuta wa udongo, amelijibu swali la babu kabla halijaulizwa.

Je, kila kitu kinatufaa? Mpango umezaliwa Montana, na unanukia Montana. Sehemu ya majiko ya roketi, kwa mfano, inatilia mkazo hita kubwa za udongo na mawe zinazopasha nyumba joto usiku wa theluji. Mtu wa Tanga hana haja nayo! Lakini kanuni iliyo ndani yake, kuni chache zinazoungua kwa moto mkali hadi moshi wenyewe uteketee, ndiyo hiyohiyo tunayoitaka kwenye jiko la kupikia maharage. Miti itabadilika, mboga za porini zitabadilika, utaweka mchunga na mnafu mahali pa majani yao. Na unayeishi ghorofani Kariakoo au Eastleigh usikate tamaa, kwa maana kuna mpango ndugu uitwao PEA, uliotungwa mahususi kwa wanaoishi kwenye fleti, ili nawe upate beji bila kuwa na shamba.

Hukumu yangu ya mwonjo huu wa kwanza: naupa alama zote! Naupa kwa sababu unamthamini mtu kwa alichokitengeneza, hauna umri wa kuanzia wala wa kustaafu, na unaipanga elimu ya kujitegemea kwa ngazi zinazopandika. Walimu wa stadi za kazi, viongozi wa skauti, vikundi vya kina mama, utazameni. Tafsirini fani hizi kwa mazingira yenu, wekeni ususi wa mikeka, kukausha dagaa, kukoroga mbolea ya samadi, kuezeka kwa makuti, na mpeane beji kwa shangwe na vigelegele!

Nawe unayesoma peke yako, ukiuliza uanze na fani ipi, nina jibu: kutunza zana. Tafuta kinoo, chukua panga lililolala nyuma ya mlango, linoe hadi likate karatasi hewani, upige picha. Beji za bustani, za msitu na za magogo zote zinapitia kwenye makali hayo. Anza leo, jua lingali juu.