Kabla ya Kufungua Mtungi wa Gesi

Anayeshuka Tunduma na basi la alfajiri mwezi Julai hutafuta koti kabla ya kutafuta chai. Mji uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kipupwe chake kinauma. Ndiyo maana mgeni hushangaa akisikia kwamba upande wa Mpemba kuna fundi ambaye kazi yake mwaka mzima ni viyoyozi vya magari, na hakosi mteja.

Lakini mji wenyewe umekaa kwenye njia ya kazi hiyo. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita katikati, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, hupitisha malori yanayokwenda hadi Kongo. Dereva aliyefika hapa ameshapita joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni. Mwenyeji naye akiteremka bonde la Rukwa kuelekea Kamsamba, baridi anaiacha juu na jua kali analikuta chini. Halafu kuna ukungu. Mvua za masika zikishika mlima Senjele, vioo vya gari huingia mvuke kwa ndani, na dawa yake ni kiyoyozi, kwa sababu hewa inayopita humo huacha unyevu wake kabla ya kufika kwenye kioo. Kwenye mteremko ule, kuiona barabara ni uhai.

Fundi huyu mtungi wake wa gesi, ule wa bluu hafifu wa kilo 13.6, huuweka ndani kabisa, nyuma ya matairi. Wateja wengi hufika na jibu mkononi: "Fundi, nijazie gesi." Naye huuliza kwa upole, "Iliyokuwepo imekwenda wapi, kaka?" Swali hilo ndilo linalomtenganisha na wengi. Gesi ya kiyoyozi haiungui kama petroli. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, inageuka maji na kurudi kuwa mvuke, mwaka nenda mwaka rudi. Ikipungua, imevuja mahali. Anayejaza bila kutafuta tundu ameuza gesi, na mteja atarudi baada ya miezi michache kununua nyingine. Tena gesi yenyewe, R-134a, si ya kuachia ovyo: kilo moja ikitoka hewani hupasha dunia joto zaidi kuliko kilo elfu moja za kaboni dayoksaidi, na ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hiyo.

Kwa hiyo huanza na visivyo na gharama. Anaweka mkono kwenye matundu ya dashibodi kupima nguvu ya upepo. Upepo ukiwa hafifu, anafungua droo ya dashibodi na kuchomoa kichujio cha hewa, ambacho mara nyingi hutoka kikiwa kimejaa vumbi na majani, na wapo wenye magari ambao hawakujua kama kipo. Anatazama fyuzi. Anabadilishanisha rilei ya kiyoyozi na ya honi, kama zinafanana, aone tatizo linahama au linabaki. Anainama mbele ya rejeta, kwenye kondensa, ambako vumbi la barabara za Rukwa huganda pamoja na wadudu mpaka hewa ikose pa kupita. Hapo ni maji ya bomba, ya mgandamizo mdogo, yasije yakalaza mapezi. Wapo wanaoondoka hapo hapo bila spana kuguswa.

Gari lililonifanya nimheshimu ni moja la abiria la kwenda Mbeya. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwenye gereji nyingine kwamba kompresa imekufa na aagize iliyotumika kutoka Dar. Fundi hakubisha. Aliuliza tu inakataa saa ngapi.

"Asubuhi inapiga baridi safi, fundi. Nikifika Mlowo inakata. Ikilala, kesho inafanya kazi tena."

Kompresa iliyokufa haifufuki kila asubuhi. Fundi alimwomba awashe injini na kuiacha ichemke, nasi tukangoja. Kungoja huko ni sehemu ya kazi, kwa sababu ugonjwa wa joto hauonekani kwenye injini baridi, na nadhani gereji ile ya kwanza ilikosea hapo. Kiyoyozi kilipokata, aliweka mita kwenye waya wa klachi: umeme ulikuwa unafika, zaidi ya volti 12. Umeme upo, klachi haishiki. Akachukua mpini mrefu wa mbao, akafunga mikono ya shati isije ikadakwa na mkanda, akaligusa bati la mbele ya kompresa kwa ncha ya mpini. Likashika kwa mlio mmoja mkavu, na baada ya muda mfupi hewa ndani ya gari ikabadilika.

Pulea ya kompresa huzunguka na mkanda muda wote, lakini kompresa yenyewe husubiri. Ukibonyeza swichi, koili iliyo nyuma ya pulea inakuwa sumaku na kulivuta bati; hiyo ndiyo klachi. Bati hilo hulika kidogo kidogo kwa miaka, na mwanya unapanuka. Koili ikipata joto, ukinzani wa waya wake huongezeka, umeme unaopita hupungua na sumaku hulegea. Ikiwa baridi bado inaweza kulivuta bati, ikichemka haifiki.

Alizima injini, akaingiza fila geji. Magari mengi hutaka mwanya wa kati ya milimita 0.3 na 0.6, huu ulipitisha bati la 0.8 bila kugusa. Akafungua bolti moja ya katikati, akatoa bati, na nyuma yake akachomoa washa nyembamba kama ukucha, ile inayopanga mwanya. Akafunga, akapima tena, akazungusha pulea kwa mkono kuhakikisha haikwaruzi. Hakuna kilichonunuliwa. Klachi haikuwepo tangu mwanzo. Kampuni ya Packard ya Marekani ilipoanza kuuza magari yenye kiyoyozi kwa modeli ya mwaka 1940, kompresa haikuwa na klachi, na aliyetaka kuzima baridi ilibidi asimame, azime injini na kuvua mkanda kwa mkono. Klachi ndiyo iliyomwondolea dereva kazi hiyo, na ndiyo sehemu inayosingiziwa kuwa kompresa nzima.

Kukiwa na tundu kweli, hulitafuta kwa macho kwanza, kwa kuwa gesi hutoka na mafuta, na mafuta hukamata vumbi: penye doa jeusi la utelezi kwenye kiungo, hapo ndipo pa kupaka povu la sabuni. Akishabadilisha oringi, hufunga pampu ya kunyonya hewa na unyevu. Vitabu husema sindano ya geji ishuke karibu inchi 30 chini ya sifuri. Dar es Salaam inafika. Tunduma haifiki hata kwa pampu mpya, maana hewa ya huku juu ni nyepesi na msukumo wake hauzidi sana inchi 25 za zebaki. Asiyejua hilo ataifumua mifereji yote akitafuta tundu lisilokuwepo. Yeye ametia alama ya rangi ya kucha kwenye kioo cha geji, pale sindano inapostahili kuishia katika mji huu. Ikifika, anafunga vali na kuiacha nusu saa. Ikipanda, anaanza upya.

Wala haipimi gesi kwa geji injini ikiwa imezimwa. Asubuhi ya nyuzi 10 geji husoma chini ya PSI 50, mchana wa nyuzi 25 hupita 80, na gesi ni ile ile. Kinachosema kweli ni uzito. Chini ya boneti kuna karatasi ndogo ya Kijapani. Maandishi hayasomi, ila tarakimu za gramu anazisoma, kwa magari madogo mengi kati ya 400 na 500. Mtungi huupandisha kwenye mizani ya kidijitali na kufungua koki polepole. Barabara hiyo hiyo ina mizani ya malori inayopima kwa tani, na huku mtu anainama kuzuia gramu 20 zisizidi, kwa sababu gesi iliyozidi hupunguza baridi na kuichosha kompresa.

Wenye magari huwaambia wawashe kiyoyozi dakika chache kila wiki hata Julai, mafuta yafike kwenye sili za kompresa zisikauke.

Kuna siku lililetwa gari la haibridi, na tajiri wake alikuwa na haraka na pesa mkononi. Kompresa ya gari hilo huendeshwa kwa umeme mkubwa na hutaka mafuta yasiyopitisha umeme. Mabomba ya geji ya fundi yalikuwa yameshapitisha mafuta ya PAG, yale ya kompresa za kawaida, na hata mabaki madogo yanaweza kuharibu ukingaji wa umeme ndani ya kompresa hiyo. Alifunga boneti, akamwandikia kwenye karatasi aina ya mafuta ya kuulizia, akamwambia aende Mbeya kwa mwenye vifaa vyake. Hakumtoza kitu.