Miezi Isiyouzwa

Mji wa St. Moritz, ulioko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari katika bonde la Engadin nchini Uswisi, una miezi 12 kama miji mingine, ila haiuzi yote. Kuna msimu wa theluji, kuanzia Desemba hadi Aprili, na msimu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Kati ya misimu hiyo mna mianya miwili ambayo haioneshwi kwenye bango lolote. Nimefika mjini hapo Februari, Mei, Agosti na Novemba, na kila nilipokuta makumbusho ya Segantini yamefunguliwa niliingia kutazama kazi ileile: picha tatu kubwa zinazokwenda pamoja. Nazihesabu kuwa uhakiki mkali kuliko wote uliowahi kufanywa juu ya mji ule, ingawa zilizaliwa kutokana na tangazo la biashara.

Tuanze na biashara yenyewe. Mji unapenda kusimulia kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake wa Kiingereza waliokuwa wakifunga virago mwisho wa kiangazi kwamba warudi wakati wa baridi, na wasipofurahi atawalipia nauli. Wakarudi, wakakaa mpaka theluji ilipoanza kuyeyuka. Kisa hicho huenda kimetiwa chumvi, lakini kinaeleza jambo la kweli: majira ambayo wenyeji walikuwa wakijifungia ndani na kula akiba yaligeuzwa kuwa bidhaa. Reli ikafika mwaka 1904. Mbio za farasi juu ya ziwa lililoganda zikaanza mwaka 1907. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ikafanyika hapo mwaka 1928, na tena mwaka 1948.

Giovanni Segantini alizaliwa mwaka 1858 huko Arco, mji uliokuwa chini ya Austria na ambao leo uko Italia. Alibaki yatima akiwa mdogo, akakosa uraia wa nchi yoyote, na miaka yake ya mwisho aliishi Uswisi bila kuupata. Mwaka 1894 alihamia Maloja, kwenye kichwa cha bonde. Hapo ndipo ulipozuka mpango wake na wenye hoteli wa Engadin: wao watoe fedha, yeye achore mandhari ya bonde zima ndani ya jengo la mviringo kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris ya 1900. Lilikuwa tangazo. Gharama zilipopanda mno mpango ukavunjika, na mchoraji akabaki na wazo lake mkononi. Akalipunguza hadi picha tatu, ambazo kwa Kiswahili naziita Uhai, Maumbile na Mauti. Septemba 1899, akiwa juu ya mlima Schafberg akiishughulikia ile ya katikati, aliugua tumbo ghafla akafa. Alikuwa na umri wa miaka 41. Makumbusho yenye kuba yaliyojengwa kwa heshima yake yalifunguliwa mwaka 1908.

Katika Uhai, mama amekaa chini ya mti na mwanawe, na ng'ombe wako karibu. Katika Maumbile jua limekwisha kuzama, anga limechukua sehemu kubwa ya picha, na chini yake wachungaji wanarudisha mifugo huku maziwa ya bonde yakimeremeta kwa mbali. Katika Mauti ni asubuhi ya theluji. Maiti inatolewa kibandani, wafiwa ni wachache, na farasi amesimama na gari la kuburutwa, anangoja.

Segantini hakuchanganya rangi kabla ya kupaka. Aliweka nyuzi nyembamba za rangi safi, moja kando ya nyingine, jicho la mtazamaji ndilo lichanganye. Ukisogea karibu unaona kitu kama ukili wa mkeka: theluji iliyosukwa kwa buluu, waridi na manjano. Ukirudi nyuma hatua tano, mkeka unageuka kuwa baridi unayoisikia mifupani. Hapo fani na maudhui vimeshikana. Weupe ambao bango linauuza kama usafi mtupu, yeye anauonesha kuwa ni kazi, uzi kwa uzi.

Februari, nilipotoka makumbusho na kutelemka ziwani, farasi walikuwa wakikimbia juu ya barafu. Katika shindano mojawapo farasi hana mpandaji mgongoni. Anamvuta mtu aliyevaa ski. Lilikuwa jambo la kupendeza, sikatai. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona farasi mwingine, kwenye theluji ya bonde hilohilo, akingoja mzigo wa aina nyingine. Farasi wa ziwani hukimbia mchana mmoja kisha anaondoka. Yule wa kwenye picha ni wa kijiji, na kesho atavuta kuni.

Wenyeji nao wana kalenda yao. Kila tarehe 1 Machi watoto wa Engadin huzunguka wakipiga kengele za ng'ombe ili kufukuza majira ya baridi, mila iitwayo Chalandamarz kwa Kiromanshi, lugha ya bonde hilo. Wanayafukuza wakati hoteli bado zina wiki kadhaa za theluji ya kuuza.

Mei ndio mwezi ulionifunza zaidi. Madirisha ya hoteli kubwa yalikuwa yamefungwa, mafundi walikuwa wakipaka rangi, na kwenye kituo cha basi nilisikia Kireno na Kiitaliano tu. Hao ndio wanaotandika vitanda na kuosha vyombo misimu yote miwili. Kwa muda mrefu sheria ya Uswisi yenyewe ilifuata kalenda ya hoteli. Kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 2002 kulikuwa na kibali cha mfanyakazi wa msimu: miezi isiyozidi tisa kwa mwaka, kisha uondoke nchini, wala mke na watoto hawakuruhusiwa kuishi nawe. Kwa lugha nyingine, mtu alihesabiwa kuwapo pale tu mgeni alipokuwapo. Msomaji wa Unguja hatashangaa sana. Huko nako zipo hoteli za ufukweni zinazofunga milango masika, na mtumishi hupewa likizo ambayo hakuiomba.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Segantini. Maloja, karibu na nyumba yake, ilikuwapo hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 1884. St. Moritz kwenyewe hoteli zilikuwa zimekwisha jaa kabla hajafa. Katika picha hizi tatu hakuna hata moja inayopewa nafasi. Hakuna mgeni, hakuna mpishi, hakuna mbeba mizigo. Mchoraji asiye na hati za uraia, aliyetegemea fedha za wenye hoteli kuanzisha kazi yake, alichora dunia ambamo hoteli hazikuzaliwa. Ndiyo maana Uhai naiona dhaifu kuliko nyenzake. Utulivu wake hauna gharama, na mama yule angeweza kuhamia kwenye bango bila kubadili chochote. Mauti haiwezi kuhamia popote. Bango limemficha mtumishi, picha imemficha mgeni, na kila mmoja anadai kuonesha bonde zima.

Hata hivyo nachagua picha kuliko bango, kwa sababu moja. Bango linataka mwaka uwe na sehemu nzuri tu. Segantini aliukubali mwaka pamoja na mwisho wake. Agosti nilimsikia mgeni mmoja mbele ya Mauti akimwambia mwenzake kwamba ile ingewekwa chumba kingine, inaharibu likizo. Sijasikia uhakiki mfupi na sahihi kuliko huo. Kazi ambayo wenye hoteli waliitaka kwa ajili ya kuvuta wageni, baada ya zaidi ya miaka mia moja bado inamkera mgeni.

Novemba sikuingia. Makumbusho nayo hufuata misimu, hufungwa wakati hoteli zinapofungwa. Misonobari ile inayopukutisha majani ilikuwa imekwisha kuwa mitupu, ziwa lilikuwa jeusi, halijaganda bado. Njiani nilipishana na mwanamke mmoja aliyebeba ngazi na ndoo, akielekea kusafisha vioo vya duka lililofungwa. Mchoraji wa kumchora huyo, katika mwezi huo, bado hajapatikana.