Domo la Nani?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumtaja mtu anayeongea sana. Kuna domokaya, mropokaji, mpayukaji, mmbea, mdaku. Kuna chiriku, yule ndege mdogo mwenye kelele. Mtaani tumeongeza yetu: ana mdomo, ana mucene, na lile linalouma kuliko yote, "wacha umama."

Sasa angalia vile haya maneno yanafanya kazi. Domo limetoka kwa mdomo. Sarufi imeondoa tu ile m- ya mwanzo, na papo hapo kiungo kimekuwa kikubwa kupita kiasi. Hujasikia mtu alisema nini, lakini ushaambiwa mdomo wake una shida. Halafu kuna ile -aji ya mwisho, inayoonyesha mazoea. Mropokaji huropoka kila siku. Msemaji naye husema kila siku. Mmoja ni kero, mwingine analipwa mshahara na serikali. Kinachowatenganisha si wingi wa maneno, ni nani amewatuma.

Na jinsia iko hapo hapo. Maboyz wakikaa bazeni masaa manne wakibishana kuhusu Arsenal, hao ni wachambuzi. Dada zao wakisimama mlangoni nusu saa, huo ni umbea. Hata mwanamume akiambiwa awache umama, anayetukanwa kwa kweli ni mamake.

Si mzaha. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Silaha yake kubwa ilikuwa barua, ofisi baada ya ofisi. Wabunge walimkejeli, naye Rais Moi akasema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika anafaa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Yeye alikuwa ameuliza kuhusu bustani, wao wakajibu kuhusu mdomo wake. Mwishowe jumba halikujengwa, na bustani bado ipo.

Ndiyo maana nikisoma hadithi fupi na kukuta "jirani yake alikuwa domokaya," kisha nukta, nasita. Huyo jirani hatumsikii tena. Mwandishi amemziba kwa neno moja na kuendelea na mambo yake, vile tu sisi hufanya kwenye ploti. Na domokaya ndiye anajua nani hajalipa kodi miezi mitatu, nani aliingia usiku uso umevimba, na mwenye ploti anapanga kumfukuza nani. Hadithi yenyewe iko kwake.

Mpe ukurasa mzima aongee. Akiwa anaropoka kweli, msomaji atajionea bila kuambiwa. Lakini huenda pia katikati ya hizo porojo akasikia kitu ambacho watu wote wa hiyo ploti walikuwa wamekubaliana kunyamazia.