Simulizi ya Rugamba na Daphrose isianze usiku wa mwisho

Kama umekaa kwenye semina za familia huku kwetu Rubavu, iwe Nyundo parokiani au kule Nkamira, pengine umesikia habari ya Cyprien Rugamba na mke wake Daphrose Mukansanga. Mara nyingi inasimuliwa hivi. Walikuwa familia ya sala. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 walikesha nyumbani kwao Kigali wakiabudu. Asubuhi ya tarehe 7, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wauaji wakafika, wakawaua wote wawili pamoja na watoto wao 6 kati ya 10. Halafu msemaji anatuangalia na kuuliza: na wewe, familia yako iko tayari?

Watu wananyamaza. Wengine wanalia. Mimi nafanya kazi na vijana, na nimeona kwamba wakitoka pale wanabaki na woga tu, mabadiliko hayaonekani. Kwa hiyo nataka kuikosoa hiyo simulizi. Sikosoi watu wake, maana kanisa lenyewe lilifungua kesi yao ya utakatifu Kigali mwaka 2015. Nakosoa namna tunavyoisimulia. Tumeshika mwisho wake, tumeacha mwanzo na katikati.

Tuangalie hayo yaliyoachwa. Walioana mwaka 1965. Rugamba alikuwa ametoka seminari, akaiacha imani, akawa msomi na mtunzi mkubwa wa nyimbo na ngoma. Kikundi chake cha Amasimbi n'Amakombe kilijulikana Rwanda nzima. Lakini ndani ya nyumba mambo hayakuwa sawa. Mwanzoni kabisa mwa ndoa, kwa sababu ya maneno ya watu, alimrudisha mke wake kwa wazazi, na ikapita miezi kabla ya kumchukua tena. Daphrose alibaki na imani yake ndani ya nyumba ambayo bwana hakutaka kusikia habari ya Mungu. Ilikuwa hivyo mpaka 1982, Rugamba alipougua sana na moyo wake ukageuka. Ni karibu miaka 17. Baada ya hapo ikaja miaka mingine 12 ya kujenga upya, na mwaka 1990 ndipo wakaanzisha Jumuiya ya Emmanuel hapa Rwanda.

Sasa hesabu mwenyewe. Ndoa ya miaka karibu 29, na sisi tunasimulia usiku mmoja. Hilo ni kosa la kwanza, na lina madhara. Linamfundisha mtu kwamba utayari wa kiroho ni kitu cha saa ya hatari. Na sisi wakimbizi hapo tunadanganyika haraka, kwa sababu utayari wa aina hiyo tunaujua vizuri mno. Nani kati yetu hana kibegi karibu na mlango? Ndani kuna karatasi za usajili, kadi ya chanjo ya mtoto, chaja ya simu, nguo mbili. Waliokimbia Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021 wanakijua. Waliovamiwa na mto Sebeya usiku, Mei 2023, wanakijua pia. Kibegi unaweza kukipanga kwa dakika 10. Lakini msamaha kati ya baba na mama haupangwi kwa dakika 10 huku risasi zinalia. Kama Rugamba na Daphrose waliweza kupiga magoti pamoja usiku ule, ni kwa sababu walikuwa wamejifunza kupiga magoti pamoja kwa miaka 12, katika siku ambazo hakuna aliyekuwa anakufa.

Wahubiri wetu wanapenda kuunganisha simulizi hii na ule mfano wa wanawali 10 katika Injili ya Mathayo. Ni sawa, lakini tuusome vizuri. Kwanza, wote 10 walilala. Wenye busara nao walisinzia, na hawakulaumiwa. Hilo ni neno la faraja kwa mama wa kambini ambaye haishi kuamka usiku kwa hofu. Kuwa tayari si kukosa usingizi. Pili, kuna jambo linalotukwaza sisi: wale 5 walikataa kugawa mafuta. Hapa posho ikitoka, nani anamnyima jirani kijiko cha mafuta? Tungemwita mchoyo. Lakini nadhani mafuta ya mfano ule ni kitu ambacho hata mwenye moyo mwema hawezi kukiazima. Naweza kukupa unga, chumvi, mbabula yangu hata bido la maji. Siwezi kukupa mazoea ya kusamehe ambayo nyumba yako haikuyafanya.

Kosa la pili ni kuufanya utayari uwe kinga. Nimesikia watu wakisema kwa sauti ya chini kwamba familia fulani ilipatwa na mabaya kwa sababu haikuwa inasali. Simulizi ya Rugamba yenyewe inawakatalia. Wao walisali, na waliuawa. Hapa Nyundo penyewe, Aprili ile ile, waliuawa mapadre na watu waliokuwa wamekimbilia kanisani. Nani atathubutu kusimama mbele ya ukumbusho wao aseme hawakuwa tayari? Anayemwambia mjane kwamba sala yake ilikuwa ndogo anamwongezea kidonda juu ya kidonda. Utayari hauzuii panga wala mafuriko. Unachofanya ni kingine: unaamua sisi tutakuwa watu wa namna gani mabaya yakifika, na tutakuwa watu wa namna gani kama hayafiki.

Kosa la tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Ile miaka 17, kwa nadra inapotajwa, inageuzwa fimbo ya kuwapigia wanawake. Mama anakuja na jicho limevimba, anaambiwa: vumilia, omba kama Daphrose, bwana yako ataokoka. Jamani! Kwanza, uvumilivu wa Daphrose ulikuwa wake. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kuukata na kuugawa kama shitingi. Pili, ukisimulia subira ya mke bila kusimulia kugeuka kwa mume, umesimulia nusu tu. Rugamba hakubaki kwenye kusema nimeokoka. Mtu maarufu alijishusha ndani ya nyumba yake mwenyewe, akaanza kutembea na mke wake kama mwenzake. Milango ya nyumba ikafunguliwa kwa watoto wa mitaani, na mpaka leo kituo cha CECYDAR kule Kigali, kinachopokea watoto hao, kina majina yao wawili. Kwa hiyo mama anayepigwa aende kwa wahusika wa ulinzi, aende zahanati, na aombe pia. Hivyo vitatu havigombani. Na anayepaswa kuulizwa kama yuko tayari kukutana na Mungu ni yule aliyenyanyua mkono.

Nitajibu pingamizi moja. Wengine watasema: simulizi ndefu inachosha, watu wanaguswa na usiku wa mwisho. Ni kweli wanaguswa. Vijana wangu pia wanaguswa. Lakini kuguswa kunaisha kabla sufuria haijaiva. Kijana anayeambiwa kwamba watakatifu hawa walianza na ndoa iliyotaka kuvunjika anauliza swali la maana zaidi: sasa baba yangu anaweza kubadilika? Hilo ndilo swali tunaloweza kulifanyia kazi.

Na kazi yenyewe ni ndogo ndogo. Katika hangari ambamo familia zinatenganishwa na kitambaa tu, hakuna chumba cha sala. Kuna dakika 5 kabla ya kulala. Kuna baba kumwomba mama msamaha watoto wakisikia. Kuna kukaa chini pamoja kuamua hela ya msaada itanunua nini, badala ya mmoja kupotea nayo. Ndugu zetu wa mashirika, msiseme hayo ni ya wachungaji na mapadre peke yao. Mkipanga mafunzo ya wazazi, ulizeni saa ambayo familia husali, msiweke kikao juu yake. Na mkisikia dini inatumiwa kumnyamazisha mtu, msiogope kusema, kwa sababu wako waumini wengi watakaosimama nanyi.

Kwa wasemaji wa semina ombi langu ni moja. Safari ijayo anzeni mwaka 1965, mpite 1982 bila haraka, mkae kidogo kwenye ile miaka 12. Mkifika tarehe 7 Aprili semeni kwa kifupi, mtupe nafasi ya kunyamaza. Halafu mtuache turudi nyumbani mapema, kabla watoto hawajalala.