Pongezi kwa Wachora Vibonzo
Wasomaji wa Kasulu na Kibondo, ambao zamani gazeti la Dar es Salaam liliwafikia likiwa limekwisha kuchakaa mikononi mwa abiria, leo hukipata kibonzo simuni siku ile ile kinapotoka. Basi ni wajibu, kabla ya kucheka, kumshukuru aliyekichora. Fikra yake aghalabu huanza kwa penseli juu ya kipande cha karatasi, ikapigwa picha na kutiwa katika kompyuta, na hapo, juu ya tabaka jipya lisiloharibu la chini yake, msanii huipitia mistari upya, akarefusha pua, akafuta maneno matatu ili libaki moja, na pengine akamrudisha mhusika wa zamani katika kadhia mpya, kama alivyozoea mchora vibonzo Masoud Kipanya kwa panya wake mdogo. Gado naye, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kulichorea gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, aliihamisha dhihaka yake hadi kwenye vikaragosi vya televisheni. Kwa rai yangu, kufuta ndiyo nusu ya ustadi wao. Nusu ya pili ni ujasiri, kwani mkubwa aliyechorwa hasahau upesi. Enyi wenye simu, mkisambaza kibonzo, msilikate jina la mchoraji lililo pembeni.