Wavu wa Ngiri Ndani ya Goti

Baada ya kuwekewa goti bandia, wagonjwa wengi huhofia usaha na vyuma kulegea. Kukatika kwa kano inayoshuka kutoka pia ya goti hadi kwenye muundi ni nadra, ila kukitokea hulemaza vibaya. Nguvu za misuli ya mbele ya paja hupitia hapo. Kano ikikatika, mguu haunyooki wenyewe, na kwenye ngazi goti hujikunja ghafla.

Kuishona tu mara nyingi hakufui dafu. Sehemu hiyo ilishapasuliwa, pengine zaidi ya mara moja, damu inayoifikia imepungua, na kila goti linapokunjwa nyuzi huvutwa. Ndiyo maana madaktari waligeukia kano za marehemu waliojitolea, zinazopandikizwa pamoja na kipande cha mfupa. Utafiti wa Burnett na wenzake, uliochapishwa 2004, ulionyesha siri iko wapi: kano 7 zilizofungwa zikiwa zimelegea zote zilishindwa, na 13 zilizokazwa goti likiwa limenyooka kabisa zote zilishika. Kwangu mimi, hicho ndicho kiini cha upasuaji huu wote.

Browne na Hanssen wa Mayo Clinic, Marekani, waliibeba kanuni hiyohiyo wakaacha kano ya marehemu. Walichukua wavu wa polipropilini, ule unaotumika kuziba ngiri, wakaukunja kama mkeka hadi ukawa utepe mnene. Ncha moja huzikwa kwenye muundi kwa saruji ya mifupa. Ncha ya pili hupandishwa juu na kushonwa kwenye misuli ya paja, iliyovutwa chini kwa nguvu huku mguu umenyooka. Kisha misuli hufunikwa juu ya wavu, na chini ya wavu huo huachwa nyama ya mgonjwa ili wavu usisuguane na plastiki ya goti bandia. Nyama ikiota ndani ya vitundu vya wavu, mzigo haubebwi tena na uzi peke yake.

Katika ripoti yao ya 2011, kati ya wagonjwa 13, 9 waliweza kunyoosha mguu huku upungufu wa kunyooka ukiwa chini ya digrii 10. Si haba, kwa jeraha lililokuwa likiwashinda wapasuaji.

Gharama yake ni subira. Mguu hufungwa hogo ukiwa umenyooka kwa wiki 6 hadi 12, kisha huruhusiwa kukunjwa kidogo kidogo. Mgonjwa anapaswa kuelezwa hayo kabla hajatia saini, kwa sababu akilikunja goti mapema, wavu hulegea kabla nyama haijaushika.